Bango la ujumbe na kontrola ya taa: vinajibu NTCIP lakini amri havishiki

MakutanoMamboleo (Kisumu)

Wakuu, habari za jioni. Tuko na vifaa viwili mezani hapa karakana, vinangoja kwenda barabarani. Kimoja ni bango la ujumbe la LED, nukta 72 kwa upana na 27 kwa kimo, la kusimamishwa njia ya Ahero. Kingine ni kontrola ya taa za makutano ya njia nne. Watengenezaji ni tofauti, programu ya kituo ni ya mtu wa tatu, na wote watatu wameandika "NTCIP", yaani viwango vya mawasiliano ya vifaa vya barabarani, kwenye makaratasi yao.

Nikiviuliza kwa SNMP (itifaki ya kusoma na kuagiza vifaa kupitia mtandao) kwenye mlango wa UDP 161 vyote vinajibu. Shida zinaanza nikitoa amri.

Bango: ujumbe wa ROAD WORKS unapita, dmsMessageStatus inafika 4, yaani umekubaliwa. Nikiweka NG’OMBE / BARABARANI / PUNGUZA MWENDO inarudi 5. Na hata huo wa Kiingereza uliokubaliwa, nikiuwasha hauonekani. Ukisoma dmsActivateMsgError, mara ni 3, mara ni 7.

Kontrola: natuma systemPatternControl 4, yaani mpango wa taa namba 4, inaishika vizuri. Dakika 15 kamili baadaye inaiacha na kurudi kwa ratiba yake. Kituo bado kinaisoma kila sekunde, mtandao haujakatika hata mara moja. Isitoshe, ratiba ya saa kumi na mbili asubuhi inaanza saa tisa usiku.

Swali la mwisho ni la karatasi. Zabuni inayofuata tunataka kuandika "kifaa kifuate NTCIP". Hiyo inatosha?

---

KabatiLaChuma (Kakamega)

Nianze na bango. Hapo una makosa manne yaliyopangana foleni, ukiondoa moja unakutana na linalofuata, ndiyo maana inaonekana kama bango lina wazimu.

Namba 5 kwenye dmsMessageStatus inasema tu kwamba ujumbe umekataliwa. Sababu iko kwingine. Soma dmsValidateMessageError, nayo ikisema 5, maana yake ni kwamba maandishi yenyewe yana kasoro. Hapo soma dmsMultiSyntaxError na dmsMultiSyntaxErrorPosition. Nitashangaa usipokuta 7, yaani herufi isiyokuwemo kwenye fonti. Tazama apostrofi ya NG’OMBE hapo juu kwenye swali lako: imejipinda. Hiyo si alama ya kibodi, ni ile inayowekwa na simu au programu ya barua. Kwenye UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, na fonti ya bango haina hata moja ya hizo. Apostrofi iliyonyooka ni baiti moja, 27 kwa heksa. Wenye kiwango waliwaza Kiingereza, kwa hivyo hakuna atakayekuonya kuhusu ng'ombe, ng'ambo wala ng'oa.

Ukirekebisha hiyo, dmsMultiSyntaxError itakupa 5, maandishi ni mapana kupita bango. Piga hesabu: PUNGUZA MWENDO ni nafasi 14 ukihesabu pengo. Fonti ya nukta 5 kwa upana, na nukta 1 kati ya herufi na herufi, ni 14 × 5 + 13 = 83. Bango lako ni 72. Herufi 12 ndiyo mwisho wako kwa mstari.

Unaweza kugawa kurasa mbili:

[pt30o0][jl3]NG'OMBE[nl]BARABARANI[np]PUNGUZA[nl]MWENDO

pt30 ni sehemu za kumi za sekunde, yaani kila ukurasa sekunde 3. jl3 ni katikati ya mstari, nl ni mstari mpya, np ni ukurasa mpya. Lakini mimi nisingegawa. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hivyo kurasa mbili zinakula mita 133 kabla dereva hajauona ujumbe mzima, na akiingia katikati ya ukurasa wa pili anasoma mwisho kabla ya mwanzo. Andika hivi, inakaa ukurasa mmoja:

[jl3]NG'OMBE[nl]BARABARANI[nl]POLEPOLE

Sasa kuwasha. Kosa la 3 ni kipaumbele. Kila ujumbe una dmsMessageRunTimePriority, na ule unaotaka kuuingiza lazima uje na kipaumbele kinacholingana na cha ujumbe ulioko juu au kinachouzidi. Mara nyingi programu ya majaribio ya mtengenezaji imeacha ujumbe wenye 255, basi chochote cha 254 kushuka kinagonga mwamba. Washa ujumbe mtupu kwa kipaumbele 255 uufute huo wa zamani, kisha weka zako kwa mpango: za kawaida chini, za ajali juu. Mkizipa zote 255 mmeutupa mfumo wenyewe.

Kosa la 7 ni CRC, namba ya kuhakiki kwamba ujumbe haujabadilika. Inahesabiwa juu ya maandishi, hali ya taa za kumetameta na huduma ya nukta. Ukibadilisha herufi moja tu, CRC ya jana haifai. Programu nyingi zinaihesabu zenyewe, halafu zinazigeuza zile baiti mbili nyuma-mbele. Usibishane nazo, soma dmsMessageCRC kutoka bangoni baada ya ujumbe kukubaliwa, uitumie ilivyo.

Mpangilio mzima, bila kuruka hatua:

1. dmsMessageStatus = 6, kuomba kuhariri. Soma mpaka uone 2.
2. Andika dmsMessageMultiString, mwenye ujumbe, kipaumbele, taa za kumetameta.
3. dmsMessageStatus = 7, kuomba ukaguzi. Soma tena na tena. 3 ni bado inakagua, 4 imekubali, 5 imekataa.
4. Soma dmsMessageCRC.
5. Andika dmsActivateMessage. Ni baiti 12 kamili.

Baiti hizo, kwa mfano wa ujumbe namba 5 katika hifadhi ya aina ya 3, ukitoka seva 10.20.0.2:

FF FF | FF | 03 | 00 05 | 3A 7C | 0A 14 00 02

Muda (FFFF ni bila kikomo), kipaumbele, aina ya hifadhi, namba ya ujumbe, CRC, anwani ya anayetuma. Watu wanaweka baiti 8 wakisahau anwani, kisha wanalaumu bango.

Aina ya hifadhi 3 inabaki stima ikipotea, 4 haibaki. Kwa huku kwetu tumieni 3. Na mjaze dmsShortPowerRecoveryMessage na dmsLongPowerRecoveryMessage, ili bango likirudi baada ya stima kukatika lisirudi na onyo la juzi. dmsTimeCommLoss nayo ni dakika. Mtandao ukipotea muda huo ukapita, bango linaonyesha ujumbe mliouchagua kwa hali hiyo. Sifuri inaizima kabisa.

Ukiona kosa la 9, usiguse programu. Fungua kabati, kuna swichi imeachwa kwenye uendeshaji wa hapohapo.

---

MakutanoMamboleo

Mkuu, ilikuwa 7 kweli, na nafasi yake inaangukia mara tu baada ya NG. Maneno yalinakiliwa kutoka WhatsApp. Nikanyoosha apostrofi, ikaja 5 kama ulivyosema. POLEPOLE imekaa. Kosa la 3 limekwisha baada ya kuwasha ujumbe mtupu. CRC naisoma bangoni sasa. Bado kontrola.

---

TaaZaNakuru (Nakuru)

Dakika 15 ni sekunde 900, na ukisoma unitBackupTime nadhani utaikuta hiyo 900. Ni saa ya ulinzi. Kontrola inajiuliza: "kituo bado kinanisimamia?" Na jibu hailipati kwa kusomwa. GET (maombi ya kusoma) hata elfu moja haziisogezi hiyo saa. Inaanza upya pale tu unapoandika kigezo cha usimamizi, kama hicho systemPatternControl. Programu yenu inatuma 4 mara moja kisha inaketi kusoma. Iagizeni irudie kuandika 4 ileile kila dakika 5. Hapo ujumbe mmoja ukipotea njiani, unaofuata bado unawahi.

Kuna atakayekushauri uweke 0 uizime. Usikubali. Mtandao ukifa saa kumi na moja jioni, makutano yatabaki na mpango wa msongamano usiku kucha, watu wanasimama kwenye nyekundu ndefu hakuna gari linalopita, na mwisho wanazoea kuipita.

Kumbuka pia 254 hapo ni kuendesha bila uratibu na 255 ni kumetameta. Kisanduku cha kuandikia namba kisiruhusu mtu kugonga 255 kwa bahati mbaya.

Suala la saa: globalTime ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, saa ya kimataifa, si kwa saa zetu. Ukiandika saa ya Kenya humo, na tofauti ya kanda imewekwa sekunde 10800, kontrola inaongeza masaa matatu juu ya masaa matatu. Ndiyo saa kumi na mbili yako inaangukia saa tisa usiku. Tuma UTC safi, acha 10800 ifanye kazi yake. Ukiwa hapo, zima mabadiliko ya saa za kiangazi. Vifaa vilivyopangwa kwa soko la Marekani huja nayo imewashwa, na Machi utashangaa ratiba yote imesogea saa nzima bila mtu kugusa.

Kama saa itaendelea kuchelewa baada ya hapo, angalia mpangilio wa stima. Zipo kontrola zinazohesabu sekunde kwa mawimbi ya stima yenyewe. Ikiachwa kwenye 60 wakati yetu ni 50, kila saa moja inapoteza dakika 10. Na kabla ya yote soma kibandiko cha nyuma: makabati ya NEMA TS 2, kiwango cha Marekani, yalibuniwa kwa volti 120, hapa tuna 240.

Mambo mengine ya kontrola yanayouma:

Vipimo havifanani. phaseMinimumGreen ni sekunde, lakini phaseYellowChange na phaseRedClear ni sehemu za kumi za sekunde. Ukitaka njano ya sekunde 3 andika 30. Ukiandika 3 umeagiza njano ya sekunde 0.3. Kwenye kabati la NEMA TS 2 kifaa cha kukagua migongano kinadai njano isiyopungua sekunde 2.7, kwa hivyo kitaangusha makutano yote kwenye kumetameta, na fundi atahangaika na balbu siku nzima.

Hali ya taa inasomwa kwa biti. Ukiuliza 1.3.6.1.4.1.1206.4.2.1.1.4.1.4.1, ambayo ni kijani cha kundi la kwanza, na ukajibiwa 34, hiyo ni 2 + 32: feizi (zamu za magari kupita) ya 2 na ya 6 ziko kijani. 136 ni ya 4 na ya 8. Kama programu inaonyesha "feizi 34", aliyeiandika hakusoma kiwango.

phaseRing, phaseConcurrency na wenzake huwezi kuwaandika moja moja. Unafungua muamala kwa dbCreateTransaction, unaandika vyote, unaomba vikaguliwe, vikipita ndipo unafunga. Nje ya muamala inakukatalia, na ni vizuri, maana kuandika nusu ya feizi zinazoruhusiwa kwenda pamoja ni kualika ajali.

Na hili halimo kwenye kiwango chochote: michoro ya kutoka Marekani inazipa feizi 1, 3, 5 na 7 kona ya kushoto, kwa sababu wao huendesha kulia na kona ya kushoto ndiyo inayokata magari yanayokuja. Kwetu inayokata ni ya kulia. Ukinakili mchoro bila kugeuza, kontrola itafanya kazi bila kulalamika na kona ya kulia haitakuwa na ulinzi.

---

WayaMbili (Kericho)

Wamemaliza mengi, nitagusa njia tu. Mezani una waya wa mita mbili, kila kitu kinajibu. Barabarani mtatumia laini ya simu, sivyo? Laini ya kawaida haina anwani yake ya wazi. Kifaa kinaweza kutoka nje lakini kituo hakiwezi kukifikia. Chukueni APN (lango la mtandao wa simu) ya kibinafsi au rauta yenye VPN, njia iliyofichwa ndani ya intaneti, inayopiga simu kuelekea kituoni. Hilo si la kutafuta urahisi. SNMP toleo la 1 inapitisha neno la siri wazi, yeyote aliye njiani analisoma. Mwaka 2009 kule Austin, Marekani, watu walibadilisha bango la barabarani likaonya kuhusu mazombi, na wao waliingilia kwenye bango lenyewe, hawakuhitaji hata mtandao. Kwa hivyo kufuli nzuri, nenosiri jipya, maneno ya siri ya kiwandani ya SNMP, "public" na "administrator", yaondoke, na rauta ikubali UDP 161 kutoka anwani ya kituo peke yake. Kifaa kikiwa na SNMP toleo la 3, washa.

Bando nalo. Kusoma kila sekunde, ombi na jibu pamoja yakiwa baiti 300, ni kama MB 26 kwa siku, karibu MB 780 kwa mwezi kwa kontrola moja. Bango halihitaji hivyo. Dakika moja kwa dakika moja inatosha. Kontrola ikibidi iwe kila sekunde kwenye njia nyembamba, uliza kama ina STMP: mnapanga orodha ya vipengele mara moja, hadi orodha 13, na baada ya hapo hazitumwi tena zile namba ndefu za OID. Kumbuka UDP hairudii ujumbe uliopotea. Subirini sekunde 3 hadi 5, mrudie mara 3, ndipo mseme kifaa kimepotea. Programu zilizopangwa kwa nusu sekunde ya faiba zitapiga kengele usiku kucha kwenye laini ya simu.

Kati ya kabati na bango: Ethaneti ya shaba mwisho mita 100, RS-232 kama mita 15, RS-485 hadi mita 1200 kukiwa na rezista ya ohm 120 kwenye ncha mbili, na ncha mbili tu. Mimi ningevuta faiba hata kwa mita 30. Radi za ukanda huu wa ziwa na milima hazihitaji kupiga bango lenyewe. Zikipiga karibu, waya wa shaba unabeba mshtuko kutoka nguzo moja hadi nyingine na unakuta bodi za pande zote mbili zimekufa. Ukilazimika shaba, weka kinga kwenye stima na kwenye data, zote zikishuka ardhi moja. Kinga ya stima peke yake ni kufunga mlango na kuacha dirisha.

---

KarataNaMchoro (Eldoret)

Swali la zabuni: hapana, haitoshi, na mfano ni hayo yaliyokukuta. NTCIP si kitu kimoja. Ni familia ya vitabu vya mashirika ya Marekani, AASHTO, ITE na NEMA, kila kifaa na chake: 1202 kontrola za taa, 1203 mabango, 1204 vituo vya hali ya hewa, 1205 kamera, na 1201 vile vya pamoja kama saa. Chini yake kuna vya njia, kama 2104 ya Ethaneti na 2202 ya TCP na UDP. Mtu akiandika "NTCIP" na kifaa chake kinajibu jina na toleo tu, hajasema uongo.

Andikeni namba na toleo. Kisha jazeni ile jedwali ya mahitaji iliyomo ndani ya kitabu husika, mstari kwa mstari: kipengele hiki tunakitaka, hiki hatukitaki, na kwa kiasi gani. Kiasi ndicho kinachosahaulika. Bango linaweza kufuata 1203 na likawa na nafasi ya ujumbe mmoja tu unaobadilika. Mkitaka 50 semeni 50, semeni na fonti ngapi, na kila fonti iwe na apostrofi. Faili za MIB (orodha za vipengele vya kifaa) zije zikiwa wazi pamoja na maelezo ya vipengele alivyoongeza mtengenezaji, la sivyo programu ya mtu mwingine haitaviona. Malipo ya mwisho yafungwe na jaribio la mezani, kwa programu isiyo ya mtengenezaji.

Mpeni muuzaji nafasi ya kusema mapema kama anazungumza lugha nyingine. Vifaa vya Uingereza vinaweza kuja na UTMC, vya Ujerumani na OCIT. Si vibovu, tena UTMC nayo inapita juu ya SNMP, lakini namba zake ni nyingine na programu yenu haitazijua. Pia EN 12966, kiwango cha Ulaya cha mabango, inahusu mwanga, rangi na umbo la kifaa. Isiwadanganye kuwa ni itifaki.

Kama mtaongeza kipima ukungu kwa zile sehemu za Timboroa, essVisibility inakuja kwa sehemu za kumi za mita: 1500 ni mita 150. Thamani 1000001 maana yake hakuna kipimo. Programu isiyojua hilo inaisoma kama kilomita 100 za anga safi, na bango linazima onyo saa ileile lenzi ilipojaa tope.

---

MakutanoMamboleo

unitBackupTime ilikuwa 900, na saa ya kiangazi ilikuwa imewashwa. Sasa tunarudia pattern kila dakika 5, imepita saa mbili na nusu bila kuachia. Swali dogo kwa TaaZaNakuru: kituo kikitaka kuachia kwa hiari, niandike 254?

---

TaaZaNakuru

La. 254 inaiagiza iendeshe bila uratibu, na ukiendelea kuirudia ndivyo itakavyobaki. Andika 0, hapo inarudi kwa ratiba yake yenyewe papo hapo bila kungoja zile dakika 15. Kisha soma coordOperationalMode uhakikishe nayo ni 0; kama fundi aliacha namba ya mkono pale, ratiba haitasikilizwa hata kituo kikiachia.